Familia thelathini mlangoni: kisa cha kampuni ndogo ya kupanga fedha, Ngong Road

Kampuni ninayoichambua hapa iko kando ya Ngong Road, ghorofa ya tatu, vyumba viwili na jiko dogo la kuchemshia chai. Mwenyewe ni mama wa miaka arobaini na ushei. Alifanya kazi benki kwa muda mrefu, akachoka kuwauzia watu mikopo wasiyoihitaji, akatoka na kufungua ofisi ya kuwapangia watu fedha zao. Ana msaidizi mmoja, kijana aliyeingia kama karani na ambaye jioni alikuwa akijiandaa kwa mitihani ya CIFA, ya wachambuzi wa uwekezaji na fedha, inayotolewa na KASNEB, bodi ya mitihani ya uhasibu na fedha. Nimeruhusiwa kuandika kisa hiki bila majina. Hesabu za kampuni nimezisogeza kidogo ili isitambulike, lakini uwiano wake ni uleule.

Swali alilonijia nalo lilikuwa fupi: familia thelathini ziko kwenye orodha ya kusubiri, je, aajiri washauri wangapi? Alikuwa ameshakwenda kuangalia ofisi kubwa zaidi Westlands, na mwenye jengo alikuwa anamsukuma aweke amana.

Kazi yake bado ni ngeni kwa Wakenya wengi, kwa hiyo nianze hapo. Mtu wa mshahara wa Nairobi akisikia ushauri wa fedha, mara nyingi anayemletea ni ajenti wa bima mwenye fomu mkononi, au afisa wa benki mwenye lengo la mikopo ya mwezi, au muuzaji wa ploti za Joska. Kila mmoja ana kitu cha kuuza, na malipo yake yanatoka kwa kile kitu. Mama huyu hauzi bima wala hagusi pesa za mteja. Unamletea hati za mshahara, taarifa ya Sacco, madeni ya simu, karatasi za ploti, karo za watoto. Baada ya wiki chache unaondoka na mpango ulioandikwa: lipi ulilipe kwanza, akiba ya dharura iwe kiasi gani, bima ipi inakufaa na ipi inakunyonya, pensheni yako itakulisha au itakuaibisha. Malipo yanatoka mfukoni mwako tu. Alikuwa akitoza kama shilingi 50,000 kwa familia, mara moja.

Neno hilo, mara moja, ndilo lililobeba shida yote.

Nilipofungua vitabu vyake niliona hivi. Familia nne mpya kwa mwezi zilimpa karibu milioni 2.4 kwa mwaka. Mafunzo anayoalikwa kutoa kwenye kampuni za watu yaliongeza laki sita. Kodi ya ofisi, mshahara wa msaidizi, leseni, bima ya kitaaluma, simu na mhasibu vilikula milioni 1.5. Akabaki na milioni 1.5 nyingine, yaani 125,000 kwa mwezi kabla ya kodi yake, pungufu ya alichokuwa akipata benki. Kwa biashara iliyosifika kiasi cha watu kungoja miezi, hilo halikukaa sawa. Aliyekuwa akipangia wengine uzee hakuwa anaweka chochote kwa wake.

Nikamwomba kwa wiki kadhaa aandike saa zake, yeye na kijana wake, bila kujipendelea. Mpango mmoja mpya ulimchukua saa 14: saa mbili za mahojiano, nne za kufuatilia karatasi ambazo mteja aliahidi na hakuleta, tano za kukaa na hesabu, mbili za kumwelezea mteja, moja ya kuandika barua. Mipango minne kwa mwezi ni saa 56. Safari, mafunzo na mambo ya ofisi vilichukua saa 64. Na anafanya kazi saa 200 kwa mwezi. Saa 80 zilizobaki zilikuwa zinakwenda kwa wateja wa zamani, familia 140 alizokwisha kuzipangia tangu afungue. Wanapiga simu, wanatuma ujumbe, wanapita ofisini "kusalimia" na hati ya mkopo ikiwa kwenye bahasha. Ukigawanya, kila familia ilikuwa inakula karibu saa saba kwa mwaka. Hakuna hata shilingi iliyolipwa kwa saa hizo.

Kwa hiyo kila mteja mpya alileta 50,000 siku moja na maswali ya maisha. Biashara ilikuwa inajizuia yenyewe kukua, na kadiri alivyofanya kazi vizuri ndivyo kizuizi kilivyozidi, maana mteja aliyesaidiwa vizuri hurudi kuuliza.

Nitoe mfano mmoja ambao kwangu unaeleza zaidi kuliko jedwali zima. Mwishoni mwa Desemba 2024 sheria ya kodi ilibadilishwa: michango ya pensheni inayoondolewa kabla ya kodi ilipanda kutoka 20,000 hadi 30,000 kwa mwezi, na makato ya SHIF, mfuko wa bima ya afya ya jamii, na ya nyumba za bei nafuu yakaanza nayo kuondolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Hati za mshahara za Januari 2025 zikaja na sura mpya. Kabla watu hawajazizoea, Februari ikafika na ngazi ya tatu ya kupandisha michango chini ya Sheria ya NSSF, mfuko wa taifa wa hifadhi ya jamii, ya mwaka 2013: kiwango cha juu cha mshahara unaokatwa kikatoka 36,000 hadi 72,000. Mwenye mshahara wa laki moja na nusu aliyekuwa akikatwa 2,160 akakuta 4,320, na mwajiri wake naye akatakiwa kutoa kiasi hichohicho. Simu ya mama ikawaka. Nilionyeshwa ujumbe wa wiki ile. Muuguzi wa Syokimau ametuma picha ya hati yake, mstari wa NSSF umezungushiwa wino mwekundu: "Madam hii ni nini tena? Wamenikata mara mbili?" Chini yake fundi mitambo wa Kahawa Sukari anauliza hilohilo, kisha mhadhiri, kisha mume na mke walioandika kila mmoja kwa simu yake bila kuambiana. Na mama amewajibu wote, mmoja mmoja, kwa sauti, dakika tatu au nne kila mmoja, kwa upole uleule, mwingine saa tano usiku. Jibu lilikuwa moja. Alilisema zaidi ya mara ishirini.

Huyo ndiye mtu aliyetaka kuambiwa aajiri wangapi.

Niliichukulia hesabu ya Westlands kwa uzito, kwa sababu haikuwa ya kipuuzi. Washauri wawili wa 120,000 kila mmoja ni karibu milioni 2.9 kwa mwaka, na kodi ya ofisi mpya ingeongeza laki sita. Kila mshauri akifanya mipango minne kwa mwezi anaingiza milioni 2.4, jumla milioni 4.8. Karatasi inaonyesha faida ya milioni 1.3. Lakini familia thelathini zinamalizika kabla ya mwezi wa tatu kwisha, na baada ya hapo lazima mteja mpya atafutwe kila wiki ili mishahara ilipwe. Halafu tazama wanaobaki nyuma. Mipango 12 kwa mwezi ni familia 144 kwa mwaka. Ukijumlisha na 140 za zamani unapata 284, na kwa kasi ileile ya maswali hizo ni saa 160 kwa mwezi zisizolipiwa. Angeajiri watu wawili, na mwaka wa pili karibu mtu mzima mmoja angekuwa anafanya kazi ya bure. Ukuaji wa namna hiyo umezamisha ofisi nyingi za wanasheria na wahasibu katika mji huu, na wenyewe hudhani walikosa wateja.

Kulikuwa na njia ya pili, na hii ndiyo iliyoniogopesha. Kampuni moja inayosimamia mifuko ya uwekezaji ilimwendea na ahadi ya kamisheni: kila mteja atakayemwelekeza kwao, yeye apate asilimia ya pesa zitakazowekwa. Tuseme ni asilimia moja. Familia arobaini zikiweka milioni moja kila mmoja, hiyo ni laki nne kwa kazi ya kusaini fomu. Kwetu kamisheni ni halali, na wapo watu waaminifu wanaoishi kwayo. Uingereza waliiondoa kwenye ushauri wa uwekezaji kwa watu binafsi mwishoni mwa 2012, na hawakufanya hivyo kwa sababu washauri wote walikuwa wezi. Waliona kwamba malipo huuvuta ushauri upande wake hata kwa mtu mwema.

Nilimwomba achukue mipango yake kumi ya karibuni na aweke alama kwenye kila pendekezo ambalo lingemletea kamisheni. Tukakaa nayo mezani. Lipa mkopo wa simu: hapana. Malizia mkopo wa Sacco wa maendeleo kabla ya kukopa mwingine: hapana. Ongeza mchango wa pensheni wa mwajiri wako ufaidi nafuu ya kodi: hapana. Usinunue ploti ya tatu kabla hujapata hati ya ile ya kwanza: hapana. Nunua bondi ya serikali mwenyewe kupitia DhowCSD, mfumo ambao Benki Kuu iliufungua 2023 na ambao kwa bondi ya kawaida unaanzia 50,000: hapana. Kwenye mipango kumi yote, kilicholipa kamisheni kilikuwa mistari michache, na haikuwa ndiyo iliyobadilisha maisha ya mtu. Angeikubali ile ahadi, angeanza kulipwa kwa sehemu ndogo ya ushauri wake na kutolipwa kwa sehemu kubwa. Sijui mwanadamu anayeweza kuhimili hilo miaka mitano bila kalamu yake kuanza kuinama. Alikataa mwenyewe, sikuhitaji kumsukuma.

Wateja wake pia wangegundua. Nairobi imeona watu wengi wakipoteza akiba kwenye miradi yenye mabango makubwa, na swali la kwanza la mteja mpya katika ofisi hii huwa ni "wewe unalipwa na nani?" Akipoteza uwezo wa kulijibu kwa sentensi moja, amepoteza kampuni.

Tulichokubaliana kilikuwa kidogo na kigumu. Kwanza, ufuatiliaji upewe bei. Hatukubuni namba. Tuliweka mshahara wake halali wa 200,000 kwa mwezi, tukajumlisha gharama za ofisi, ikawa milioni 3.9 kwa mwaka. Tukakadiria saa zinazoweza kutozwa kuwa 1,400, kwa sababu saa za barabarani na za karatasi hakuna anayezilipia. Saa moja ikatoka karibu 2,800, na saa saba za familia moja zikawa takriban 19,500. Akaweka ada ya 2,000 kwa mwezi, yaani 24,000 kwa mwaka, ambayo inampa mteja kikao kikubwa kimoja, kikao kifupi nusu mwaka, na haki ya kuuliza. Asiyetaka hiyo alipe 5,000 kwa saa anapohitaji. Asiyetaka yote mawili abaki na mpango wake, na aagwe kwa heshima.

Mfumo huu hatukuuvumbua. Marekani, Sheryl Garrett alianzisha mwaka 2000 mtandao wa washauri wanaotoza kwa saa ili watu wa kipato cha kati nao wapate ushauri, na mwaka 2014 Alan Moore na Michael Kitces wakaanzisha XY Planning Network kwa washauri wanaotoza ada ya kila mwezi vijana wasio na mtaji wa kusimamiwa. Wote walikuwa wanatafuta jibu la tatizo hili: mshauri akiishi kwa asilimia ya utajiri wa mteja, asiye na utajiri hana mlango wa kugonga. Mwalimu wa mtaa wa Umoja hana milioni kumi za kumpa mtu asimamie. Elfu mbili kwa mwezi kupitia M-Pesa anaweza.

Ugumu ulikuwa kuandika barua. Mama alitaka wale wa mwanzo kabisa, waliomwamini alipokuwa akifanyia kazi mezani sebuleni kwake, wasitozwe kamwe. Namwelewa. Hata hivyo nilimpinga, na bado nasimama hapo: kati ya wale wa mwanzo ndimo walimokuwa wapigaji simu wakubwa, kama familia ishirini zilizokuwa zikichukua nusu ya zile saa 80. Kuwasamehe hao ni kuwatoza wengine kwa niaba yao. Tukapatana mwaka wa kwanza walipe nusu.

Barua ilitoka Aprili 2025, ada ianze Julai mosi. Haikuomba radhi. Ilieleza saa zilivyokwenda, ikaeleza bei, ikaeleza kwamba hapokei kamisheni popote na ndiyo sababu hana mwingine wa kulipia muda huo. Familia 61 zilikubali ada ya mwezi. Nyingine 22 zilichagua saa. Zilizobaki ziliaga au zilinyamaza. Mteja mmoja alimwandikia kwamba sasa amekuwa kama wengine, pesa mbele, na ujumbe huo ulimkaa rohoni kwa wiki. Kilichotushangaza ni wapigaji simu wakubwa: wengi wao walikubali siku ileile. Waliokuwa wakiutumia sana ushauri walijua thamani yake.

Familia 61 kwa 24,000, hata ukitoa punguzo la wale wa mwanzo, zinakaribia kulipa gharama zote za ofisi kwa mwaka. Lifikirie hilo. Kabla hajampokea mteja mpya hata mmoja, kodi ya ofisi imelipwa na mshahara wa kijana umelipwa. Hapo ndipo mtu anapopata ujasiri wa kumwambia mteja asiyefaa "hapana," na ndipo swali la kuajiri linapoanza kuwa na maana.

Jambo la pili lilikuwa kalenda. Maswali ya fedha Nairobi yana majira yake: karo Januari, gawio la Sacco kati ya Februari na Aprili, marejesho ya kodi kwa KRA, mamlaka ya mapato, kabla ya Juni 30, bajeti ya serikali Juni hiyohiyo, na Desemba ya mambo yake. Viwango vya riba navyo: bili za hazina za siku 91, yaani mikopo mifupi ya serikali, zilikuwa karibu asilimia 16 katikati ya 2024, zikateremka chini ya 9 ndani ya mwaka mmoja, na kila mwenye pesa kwenye mfuko wa soko la fedha, ambao huwekeza kwenye bili kama hizo, akataka kujua kama atoe. Sasa ofisi hutuma sauti moja ya dakika nne kwa wote kabla maswali hayajaanza, kijana ndiye anayesoma, na mwisho anasema nani anapaswa kupiga simu na nani asihangaike. Saa za maswali zimeshuka kutoka 80 hadi kama 45 kwa mwezi, na nusu ya hizo ni za kijana.

Hapo kwenye kijana ndipo kuna utamu na uchungu wa kisa hiki. Wateja walimjua kama yule wa chai na fotokopi. Huwezi kuamka asubuhi ukawaambia sasa yeye ndiye mshauri wao, watasema, kama alivyosema mmoja, "Mimi nilikuja kwako, madam." Tulichofanya ni kumpa sehemu yake ndani ya kila kikao. Mama anafungua, anauliza habari za nyumbani, kisha anasema, "Upande wa mshahara na pensheni ameufanyia kazi mwenzangu, tumsikilize." Na ananyamaza kabisa. Hata mteja akimgeukia yeye kwa jibu, anamtazama kijana. Nilikaa pembeni kwenye kikao kimoja cha mume na mke. Mume, mhandisi, alielekeza kila swali kwa mama. Kijana akafungua jedwali, akamwonyesha kwamba mchango wake wa pensheni ulikuwa umesimama kwenye 20,000 ya zamani, na kwamba akiongeza 10,000 kwa mwezi, kodi yake inapungua kwa 3,000 maana yuko kwenye kiwango cha asilimia 30. Kwa hiyo 10,000 inaingia uzeeni ilhali mfukoni inatoka 7,000. Mhandisi akavua miwani, akasogeza kiti, na maswali yaliyofuata yakaenda kwa kijana.

Si kila mteja atahama. Mwalimu mkuu mstaafu wa Buruburu aliyekuwa na mkupuo wake wa pensheni wote kwenye akaunti moja, na wapwa watatu wenye mawazo ya biashara, alimhitaji mama mwenyewe. Mambo ya namna hiyo hayana jedwali, yana umri na uzito wa anayesema. Nilishauri wateja wa aina hiyo wahesabiwe na wawekewe kikomo, mama asibebe zaidi ya familia arobaini kwa mkono wake, na walio wengine wote wazoee sura mbili tangu siku ya kwanza.

Sasa zile familia thelathini. Tulipozipigia simu, tuligundua nyingi hazikuhitaji mpango wa 50,000, na nyingine hazikuwa nazo. Zilihitaji mambo yaleyale: akiba ya dharura, kushindana na Fuliza, mkopo wa papo hapo wa M-Pesa, kuchagua kati ya Sacco na benki, kusoma hati ya mshahara, kujua kama ile bima ya elimu waliyouziwa wakiwa na mtoto mchanga waendelee nayo. Tukaanzisha darasa la Jumamosi kwenye ukumbi wa kanisa: familia kumi, kila familia 8,000, asubuhi mpaka saa nane, kila mtu na karatasi zake, kisha saa moja ya faragha na kijana wiki inayofuata. Anayeonekana ana jambo zito anaingizwa kwenye mpango kamili na ile 8,000 inakatwa kwenye bei. Familia 22 zilikuja kwa awamu. Tisa zikaendelea na mpango kamili. Kumi na tatu zikapata zilichohitaji kwa bei wanayoimudu, na kwangu hao kumi na tatu ndio ukuaji wenyewe, kwa sababu kwa mfumo wa zamani wangebaki kwenye orodha mpaka wachoke.

Darasa lina hatari yake. Watu kumi wakikaa pamoja kuna atakayeuliza "niweke wapi pesa?" na jibu la jumla likageuka ushauri wa uwekezaji kwa mtu ambaye hali yake huijui. Kumshauri mtu kwa malipo kuhusu hisa, bondi na mifuko ya uwekezaji ni kazi ya leseni ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji, CMA, na bima na pensheni zina mamlaka zake, IRA na RBA. Darasani wanafundisha namna vitu vinavyofanya kazi. Mapendekezo ya mtu mmoja yanasubiri faragha, na yanatoka kwa sahihi ya mama mwenye leseni hadi kijana atakapokamilisha za kwake. Kampuni ikikua bila kuchora mstari huu, inakua kuelekea kwenye barua ya mamlaka.

Mambo mawili ya haraka ambayo wengi huyakumbuka wakiwa wamechelewa. Mauzo ya huduma zinazotozwa VAT, kodi ya ongezeko la thamani, yakifika milioni 5 kwa mwaka, kujisajili ni lazima, na mhasibu wake alisema ada zake zimo. Kwa mwaka kamili wa ada mpya angekaribia hapo. Mpango wa 50,000 ukibandikwa asilimia 16 unakuwa 58,000, na mteja wa mshahara hana pa kuidai. Afadhali bei ipangwe mapema kwa kulijua hilo kuliko kumshtua mteja katikati ya mwaka. La pili ni simu. Hati za mshahara na taarifa za benki za familia 140 zilikuwa ndani ya WhatsApp ya simu moja, inayopita mkobani kwenye msongamano wa Tom Mboya Street, katikati ya mji. Sheria ya Kulinda Data ya 2019 inamhusu moja kwa moja, na anayetoa huduma za fedha anatakiwa kujisajili kwa Kamishna wa Data hata kama ofisi ni ya watu wawili. Nyaraka zimehamishwa kwenye hifadhi yenye nywila za kila mtu na kumbukumbu ya nani alifungua nini.

Westlands hakwenda. Ameajiri mtu wa tatu, wa kufuatilia karatasi, ambaye amerudisha zile saa nne za kila mpango mikononi mwa mama kwa mshahara ulio chini sana ya 120,000. Kwa mipango minne, hizo ni saa 16 kwa mwezi, mpango mmoja zaidi na chenji.

Kilichobaki mezani ni kijana. Amefaulu mtihani wake wa mwisho, wateja wanamwita kwa jina, na yeyote mwenye macho anaona kwamba anaweza kupanga chumba ng'ambo ya barabara na familia ishirini zikamfuata. Mama anafikiria kumwongezea mshahara. Ushauri wangu niliompa kwa maandishi ni apewe sehemu ya ada za kila mwezi za familia anazohudumia, theluthi moja kwa kuanzia, na baada ya miaka mitatu aruhusiwe kununua hisa za kampuni kwa bei itakayokokotolewa kwa kanuni iliyoandikwa leo, wakati wote wawili bado wanapendana. Ameomba muda wa kuzungumza na mumewe. Kijana bado hajaambiwa.